Masomo Yanapokuja Nyumbani kwa Simu, Nani Hukaa na Mtoto?



Likizo inakaribia, na kama ilivyo desturi ya siku hizi, simu za wazazi zimeanza kulia kwa ujumbe wa walimu: maswali ya Hisabati, insha ya Kiswahili, sura za kurejea, mtihani wa majaribio wa Sayansi. Kila kitu kinapitia katika kundi la WhatsApp la darasa. Mzazi mwenye watoto wanne shuleni ana makundi manne, na la tano ni la madrasa. Hatuna ugomvi na makundi hayo. Tunachotaka kukitazama wiki hii katika ukurasa wetu wa familia ni kile kinachotokea baada ya ujumbe kufika, ndani ya nyumba, mahali ambapo mwalimu haoni. Shule ikimfuata mtoto nyumbani ni lazima awepo mtu wa nyumbani wa kuipokea, na mtu huyo hatuna mazoea ya kumtaja.

Wengi wetu tuliuona utaratibu huu kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Tarehe 17 Machi, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Siku hizo zikaongezwa. Vyuo na kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Ndugu zetu wa Kenya walisubiri zaidi: madarasa machache yalirejea Oktoba, na yaliyobaki yakaanza tena Januari 2021. Watoto wa Uganda ndio waliokaa muda mrefu kuliko wote, kwani shule zao hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Ukilinganisha na hao, sisi tulionja tu. Hata hivyo, miezi mitatu ilitosha kutuonyesha tulivyo.

Tuizungumzie shule moja ya Kiislamu ya hapa Dar es Salaam, ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa wenyewe hawakutaka kusifiwa wala kulaumiwa. Wiki mbili za mwanzo hawakufanya lolote, na wazazi nao walidhani ni likizo iliyokuja mapema. Wiki ya tatu mwalimu wa taaluma akaanzisha makundi ya simu, darasa kwa darasa, na walimu wakaanza kupiga picha kurasa za vitabu na kuzirusha. Picha nyingine zilikuwa na kivuli cha mkono, nyingine zimelala ubavu. Mtoto alishika simu kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine, akaipanua picha kwa vidole, akasoma mstari mmoja, akaandika, na alipoinua macho kioo kilikuwa kimekwisha kuzima. Walimu walipodai majibu, walioleta walikuwa wachache, na majibu yao yalifanana hadi katika makosa, kwa sababu mzazi mmoja aliwahi kuyaweka kundini na wengine wakanakili.

Wanazuoni wa hadithi walilipima jambo la namna hii zamani sana. Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, alizitaja njia nane za kuipokea elimu hiyo. Ya juu kabisa ni samaa, mwanafunzi kumsikia sheikh kwa masikio yake. Inafuata ile ya mwanafunzi kumsomea sheikh naye akisikiliza. Chini ya hizo zimo ijaza na mukataba, yaani sheikh kumwandikia mwanafunzi asiyekuwa mbele yake. Ya mwisho ni wijada, mtu kukuta maandishi ya sheikh pasi na kumsikia, kumsomea, wala kupewa idhini naye. Kwa hiyo kusoma kwa mbali hakukukataliwa na wazee wetu; barua ya sheikh ilihesabiwa kuwa njia ya elimu, kwa kuwa aliyeiandika alimjua anayemwandikia. Lakini lundo la kurasa lililorushwa kundini saa nne ya usiku bila ya neno moja la maelezo, kwa mizani hiyo, halizidi wijada. (Na aghalabu hata jina la mtunzi wa kitabu limekatwa pichani.)

Shule ile ilijirekebisha, na haikufanya hivyo kwa kununua programu mpya. Walimu waligawana orodha ya wanafunzi, wakawapigia simu wazazi mmoja mmoja na kuwauliza hali. Wakagundua waliyopaswa kuyajua kabla: kwamba wazazi wengi wanatumia simu ndogo ya kubonyeza, ile iitwayo kitochi, kwamba wenye simu janja hununua bando la siku, nalo huisha kabla ya Alasiri, na kwamba mchana, mtoto anapodhaniwa kuwa anasoma, simu haimo nyumbani kabisa. Baada ya hapo masomo yalipunguzwa yakawa mawili kwa siku. Picha za vitabu zikaachwa, na badala yake mwalimu akarekodi maelezo ya dakika tatu au nne kwa sauti yake, kisha akatoa swali moja au mawili. Muda wa masomo ukahamishiwa baada ya Isha, baba akiwa amerudi.

Ramadhani ya mwaka 1441 ilipoingia mwishoni mwa Aprili, ratiba ilibadilika tena, kwani usiku ulikuwa wa futari na tarawehe. Masomo yakawa baada ya daku na swala ya Alfajiri, simu ikiwa bado haijatoka na nyumba ikiwa imetulia. Mwalimu wa Hisabati alituambia kwamba hakupata kuletewa majibu mengi na ya uhakika kama mwezi ule. Kwa wenye kitochi, maswali yalidurufiwa, yakatiwa katika bahasha zenye majina na kuachwa katika duka la mzazi mmoja lililo jirani na msikiti. Kina baba walizichukua baada ya swala ya Ijumaa na kurudisha za wiki iliyopita. Tukiulizwa ni kipi kilichofanya kazi vizuri zaidi katika miezi ile, tutasema ni bahasha. Vilikuwapo pia vipindi vya masomo vya redio na televisheni, navyo vilisaidia penye umeme na penye mtu wa kumzuia mtoto asihamie kwenye katuni.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni Qur'ani. Hesabu inaweza kuandikwa, lakini Qur'ani hupokewa kinywani: mwalimu anasoma, mtoto anamtazama mdomo, anamfuatisha, anasahihishwa palepale. Herufi ya dhaad haifundishwi kwa bahasha. Ustadh wa shule ile alisita kwa siku nyingi. Mwishowe akaamua kwamba hifdhi mpya isimame, na kila mtoto arejee alichokwisha kukihifadhi, amtumie sauti yake kwa simu, naye amrudishie sauti ya kumsahihisha. Tunaona uamuzi huo ulikuwa wa busara, maana kosa lililohifadhiwa likakomaa huchukua muda mrefu kulitoa kuliko kuianza sura upya.

Yapo aliyojifunza katika kusikiliza kwake. Mtoto mmoja ambaye darasani alikuwa akisoma kwa kunong'ona, kwa kuogopa kuchekwa, sauti yake ilifunguka alipokuwa peke yake na simu, na ustadh akatambua kwamba kijana yule alikuwa miongoni mwa wasomaji wake wazuri. Kwa upande mwingine, zilimfikia rekodi zilizokuwa safi mno. Alipompigia mtoto na kumwambia asome papo kwa papo, aya zile zile zilimshinda. Ilikuwa mama amemrudisha mara kumi, kisha akachagua usomaji uliotoka vizuri ndio akautuma. Hatuwezi kuuita huo udanganyifu. Ni mapenzi ya mzazi. Lakini mwalimu alinyimwa lile kosa ambalo ndilo alilolihitaji kulisikia. Zaidi ya hayo, nyuma ya kila kisomo ustadh aliisikia nyumba: mtoto mchanga analia, sufuria inaanguka, redio ya jirani, mama akimkumbusha mtoto kwa sauti ya chini neno lililomponyoka. Alikuwa amewafundisha baadhi ya watoto wale tangu alifu, asijue wanaishi vipi.

Nasi tuingie humo ndani. Dada mmoja wa Mbagala ametuandikia kwamba mume wake ni dereva wa bodaboda, na simu janja ya nyumba ndiyo inayomletea wateja. Anatoka nayo alfajiri, anarudi nayo saa nne ya usiku, watoto wamelala. Mwalimu wa darasa naye ana desturi ya kuyaandika kundini majina ya watoto ambao hawajaleta kazi, wazazi wote wakiyaona. Anauliza amlaumu nani.

Dada yetu, usimlaumu mumeo; simu iliyo chombo cha riziki haiwezi kuzuiwa nyumbani kwa sababu ya insha. Mwombe saa moja kabla ya kutoka, siku mbili au tatu za wiki, na kazi ya mtoto uinakili kwenye daftari. Hayo ni ya kwenu ndani. Kuhusu mwalimu, nenda shuleni ukiwa na utulivu na mweleze hali ilivyo, kisha umwombe karatasi. Ni haki ya mtoto wako kuipata kazi kwa njia inayomfikia. Ama kuyatangaza majina ya watoto kwa jambo ambalo asili yake ni uchache wa mali wa wazazi wao, hilo tunalikemea waziwazi. Heshima ya Mwislamu haipungui kwa kuwa darasa limehamia kwenye simu, na mtoto anayo heshima hiyo kama mtu mzima.

Lipo jingine ambalo dada huyu hakulitaja, ila tumelisikia kwa wengi. Katika miezi ile mitatu, ndani ya nyumba moja, kwa somo lilelile, mtoto wa kiume na wa kike hawakuwa na saa zilizo sawa. Kijana alimaliza maswali yake akatoka kucheza mpira. Binti aliitwa mara tano kabla ya kulimaliza swali la kwanza: maji, moto, mdogo wake, mgeni, mchele unachaguliwa. Usiku, simu ilipopatikana, alipewa kaka kwanza kwa sababu yeye ana mtihani. Na mama alipokuwa sokoni au kwenye biashara yake, aliyekaa na wadogo kuwasomesha alikuwa dada mkubwa, aghalabu msichana wa kidato cha pili au cha tatu ambaye naye alikuwa na masomo yake. Ziko nyumba nyingi ambamo masomo ya nyumbani yalifaulu, na tukiuliza siri ya kufaulu huko tunamkuta binti huyo, na yake yamelala.

Tunaliita jambo hili kwa jina lake, nalo ni dhuluma, hata ikitendwa na wazazi wenye mapenzi. Hakuna anayeweza kuitafutia hoja katika dini. Bibi Aisha, Allah amridhie, amepokewa kwake zaidi ya hadithi 2,000, na masahaba wakubwa walikuwa wakimwendea kuuliza. Tunawasimulia watoto wetu habari hizo kila mwaka katika Maulidi na mihadhara, kisha tunarudi nyumbani na kumwita binti aache daftari akatie chai. Wapo mabinti ambao tarehe 29 Juni hawakurudi darasani, ama kwa kuozwa ama kwa kupata ujauzito. Wakati ule aliyepata ujauzito hakuwa na mlango wa kurejea katika shule ya serikali. Mlango huo ulifunguliwa Novemba 2021. Mtu asituambie kwamba hao walipotezwa na simu.

Nchi yetu si mgeni wa masomo ya mbali, na hili nalo tunaelekea kulisahau. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo kwayo watu wapatao milioni mbili walisoma habari za malaria, kuhara na usafi wa maji kwa kusikiliza redio. Lakini hawakusikiliza kila mtu peke yake nyumbani kwake. Walikaa katika vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo kabla. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, kiongozi akasoma kitabu kwa sauti, watu wakajadiliana na kuamua la kufanya. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Redio ilileta sauti, na kiongozi wa kikundi ndiye aliyehakikisha kwamba sauti haikupita bure. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992, nacho kilienda mikoani na vituo vyake, mwanafunzi apate mahali pa kufika na mtu wa kumuuliza. Ilipofika 2020 tulikuwa na chombo chenye nguvu kuliko redio ya mwaka 1973, ila kiongozi wa kikundi hatukumteua. Tulimwachia kazi hiyo mama, na mama akamwachia binti, pasi na yeyote kupewa mafunzo wala ahsante.

Misikiti yetu ingeweza kulibeba hili bila ya gharama kubwa. Baraza ya msikiti baina ya Alasiri na Magharibi, mwalimu mmoja wa kujitolea au kijana aliyemaliza kidato cha sita, simu moja yenye spika, watoto kumi wenye madaftari. Pale ambapo wazazi wanawake wanataka mabinti wakae mahali pao, nyumba ya mzazi mmoja inatosha. Tunafahamu kuwa mwaka 2020 mikusanyiko ilihofiwa, na kwa haki. Lakini likizo za sasa hazina hofu hiyo, na baraza hizo jioni zimekaa tupu.

Kuhusu ada tutasema kwa ufupi, maana limeshazungumzwa sana na kwa hasira. Katika shule nyingi za binafsi, na za Kiislamu zikiwamo, miezi ile iliwapita walimu wakiwa hawana mshahara kamili, na bando la kufundishia walilitoa mifukoni mwao. Wazazi nao wengi walikuwa wamepoteza kipato. Wenye kuuza Kariakoo na wenye kazi za hoteli za Zanzibar hawahitaji kukumbushwa. Shule tuliyoizungumzia iliwaita wawakilishi wa wazazi wakakubaliana sehemu ya ada ilipwe kwa awamu, asiyeweza aseme, na majina yabaki kwa mkuu wa shule. Tunaona ilikuwa njia ya uadilifu. Lakini mzazi mwenye uwezo, ambaye mtoto wake alifundishwa kwa sauti ya mwalimu kila siku hadi Juni, kisha akasema kwamba shule ilifungwa na yeye hadaiwi chochote, anaijua hadithi ya ujira wa mfanyakazi na jasho lake kama sisi tunavyoijua.

Shule hazifungwi kwa maradhi pekee. Aprili 2024 mafuriko yalizikumba Rufiji na Kibiti, na ziko shule zilizozingirwa na maji. Penye maji hakuna umeme wa kuchajia simu, na kundi la darasa halina faida. Kwa hiyo kila kamati ya shule na kila madrasa ijiulize leo, kabla ya tangazo lolote, kama inazijua nyumba za wanafunzi wake.

Shule ile ya Dar es Salaam ina daftari kubwa la mistari linalohusu jambo hilo, na mwalimu wa taaluma alitufunulia. Kila darasa lina kurasa zake. Safu ya kwanza ni jina la mtoto. Ya pili inauliza ni simu ya aina gani na ni ya nani. Ya tatu, ni saa ngapi simu hiyo huwa nyumbani. Ya nne, kama ipo redio. Safu ya tano, ambayo aliiongeza baadaye kwa wino mwekundu, inauliza nani hukaa na mtoto wakati wa kusoma. Tuliifuata safu hiyo kwa kidole kutoka darasa la kwanza hadi la saba. Imejaa kina mama, mabibi na madada wakubwa. Mbele ya jina la kila dada mwalimu ameandika kidato anachosoma. Kina baba tuliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwalimu alisema ataigawa upya karatasi hiyo wiki ya kufunga shule, na safari hii anataka ijazwe na kutiwa saini na wazazi wote wawili.